Mzazi aliyehama na kamera: mimi nilianzia kwenye mfuko wa plastiki

Ndugu uliyeuliza, umesema baba yako ameendesha lori Muscat miaka 30, unataka kumtengenezea filamu kuhusu alivyojinyima ili ninyi msome, lakini akiona kamera tu ananyamaza. Nimepita hapo hapo na mama yangu. Filamu ya dakika 28 ilinichukua miaka 4.

Sisi ni watu wa Baraka, Fizi, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Vita ilipotufikia mwishoni mwa 1996 mama alivuka Ziwa Tanganyika kwa boti, usiku, mimi nikiwa mgongoni. Tukatokea Kigoma, kisha kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, ndiko nilikokulia. Baadaye tukapelekwa Marekani, jimbo la Iowa, mama akaingia kiwanda cha nyama, zamu ya usiku, kisu mkononi.

Mara ya kwanza niliandika maneno mazito nikayasoma mwenyewe juu ya picha za ziwa: mama alijitoa mhanga, mama aliacha vyote kwa ajili yetu. Nikamwonyesha. Alitazama mpaka mwisho, akaniuliza, "Huyu mwanamke unayemlilia ni nani?" Nikakosa jibu. Akasema, "Mwanangu, mimi sikujitoa. Nilikimbia."

Nilifuta karibu yote.

Ukimwuliza mzee "ulijitoaje kwa ajili yetu", anaona unamtaka ama ajisifu ama alie, na wengi wao hawataki hata kimoja. Kwa hiyo niliiweka kamera kabatini, nikanunua kinasa sauti kidogo, nikawa nakaa naye jikoni akisonga ugali. Nikamuuliza habari za vitu. Boti ilikuwa ya nani? Nauli mlilipa nini? Kiwandani mnavaa glavu ngapi? Hapo alizungumza saa 2 bila kusimama: glavu ni mbili, na juu yake ya tatu ya nyuzi za chuma, na vidole hufa ganzi kabla ya mapumziko ya kwanza. (Zima friji kabla ya kurekodi, na mkimaliza rekodi ukimya wa chumba dakika nzima. Utauhitaji sana wakati wa kuhariri.)

Kisha nikauomba mfuko. Mkimbizi anayesafirishwa kwenda kupewa makazi hubeba mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi kubwa IOM, yaani Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ndani yake nyaraka zake na picha za eksirei. Wa mama uko chini ya kitanda mpaka leo. Nilikuta kadi ya mgao, nikakuta mkataba wa nauli ya ndege, maana ile nauli ni mkopo, hauna riba lakini unalipwa, pamoja na stakabadhi za kila mwezi alizolipia. Chini kabisa palikuwa na fomu ya ujumbe wa Msalaba Mwekundu ya 1997, zile ambazo ndugu waliotenganishwa na vita hutumiana. Fomu zile hazipokei ila habari za kifamilia, na husafiri wazi, yeyote aweza kusoma. Mama alimwandikia bibi: "Sisi wazima. Mtoto ameanza kutembea." Jibu la bibi, kwa mwandiko wa mjomba: "Muhogo wako tumeupalilia."

Siku hiyo ndipo nilipoitoa kamera. Niliielekeza kwenye karatasi na mikono yake tu, nikamwomba asome. Alisoma mstari wa muhogo mara mbili, akaanza kunieleza shamba lile linapakana na nani, nani alilifyeka, na kwamba alipewa na mama yake na lilikuwa lije kuwa langu. Nilikuwa sijawahi kulisikia. Nikamuuliza, basi, katika yote haya, wewe mwenyewe uliacha nini kwa kupenda kwako? Akataja kitu kimoja: darasa la Kiingereza la jioni. Alitaka kuwa muuguzi. Aliliacha akachukua zamu ya usiku kwa sababu inalipa zaidi, deni la nauli liishe. Filamu yangu yote sasa imesimama juu ya darasa hilo na shamba hilo.

Kambini sikurekodi, kunahitaji kibali cha serikali na sikuwa nacho. Shamba alinipigia picha binamu yangu kwa simu, zinatikisika, nami nimeziacha zitikisike.

Jambo moja usilipuuze: waliobaki nyumbani waone kabla ya mtu mwingine yeyote. Mjomba aliniomba niondoe sentensi moja kuhusu mwenye boti, kwa kuwa watoto wake bado ni majirani zetu. Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote. Niliitoa, na ningeitoa tena.

Kwa baba yako, anza na lori. Muulize la kwanza lilikuwa na gia ngapi, alilala wapi safari ya kwanza, nani alimfundisha barabara. Kisha nyamaza, hata akichukua dakika nzima kujibu.