Maswali na majibu: Vocha ya mafunzo, mwalimu mchague mwenyewe

Barua nyingi za siku hizi zinauliza kuhusu vocha za kulipia mafunzo ya biashara ndogo kabisa, zile ambazo sera ya serikali ya Uganda ya mwaka 2015 inazihesabu kuwa na wafanyakazi wasiozidi 4 na mali isiyozidi shilingi milioni 10. Nimechagua chache.

Nauza mitumba katika soko la Owino, Kampala. Vocha ina tofauti gani na semina za bure tunazoitiwa kila mara?

Tofauti, dada yangu, ni nani anamlipa mwalimu na analipwa lini. Semina ya bure imeshalipiwa na mfadhili kabla hujafika. Ukisinzia, au ukiondoka saa sita kurudi kwenye meza yako, mwalimu hapungukiwi na kitu. Kwa vocha, hati yenye thamani iko mkononi mwako. Unazunguka, unauliza wenzako, unachagua wa kukufundisha, unampa hati pamoja na mchango wako, naye anaipeleka kwenye mradi alipwe kwa kuwa umehudhuria. Akifundisha ovyo, Owino nzima itajua kabla ya jioni. Paraguay walianza mpango wa namna hii mwaka 1995, na vyuo vikalazimika kupanga saa na masomo yanayomfaa mchuuzi, maana bila yeye hakuna malipo.

Natengeneza pikipiki Arua. Kama mradi una pesa, kwa nini nami nitoe?

Swali la haki kabisa, ndugu. Mchango mdogo hukupa sauti: uliyetoa chako huoni haya kudai kilichoahidiwa. Tena huwachuja wanaokuja kwa ajili ya soda na nauli. Hapa Uganda jambo hili si geni. Vocha ya uzazi ya HealthyBaby, iliyoanza magharibi mwa nchi mwaka 2008, mama aliinunua kwa shilingi 3,000 tu, nayo ikalipia huduma za ujauzito na kujifungua. Katika vocha za pembejeo za ACDP, mradi wa serikali wa kilimo, mkulima alichangia asilimia 33 awamu ya kwanza, kisha 50, kisha 67.

Huo mpango wa kupanda ngazi naupenda kwa mafunzo pia: kozi ya kwanza uchangie kidogo, ya pili zaidi, kwa sababu sasa unajua kama inakufaa. Nisichokubali ni kumdai fundi mchango wote siku moja. Kipato chake ni cha kila siku, basi na alipe kidogo kidogo kwa mobile money.

Mimi ni fundi wa vyuma Katwe na sikumaliza shule ya msingi. Nataka kufundishwa na mzee wa karakana ya jirani. Anachomea mageti kutushinda sote, na hajawahi kupigia mteja bei ya kumtia hasara. Vocha inaweza kumlipa yeye?

Inapaswa kumlipa, na kwangu hapa ndipo penye uzito wa jambo zima.

Kenya walipojaribu vocha kwa jua kali miaka ya 1990, kwa fedha za Benki ya Dunia, vyuo vilitarajiwa kubeba kazi kubwa. Mafundi walipopewa hati wakaenda kwa mafundi wenzao waliobobea. Sababu unazijua kuliko mimi: anasema lugha yako, karakana iko hatua chache kutoka kwako, unajifunza huku umeshika chuma chenyewe, na hufungi kazi wiki mbili ukaache wateja waende kwingine.

Mfano mwingine uko ng'ambo tu ya mpaka wetu. Kuanzia mwaka 2008, vijana wa Busia ya Kenya na wilaya jirani walipewa vocha za ufundi za takriban shilingi 35,000 za Kenya. Wengine waliruhusiwa vyuo vya serikali pekee, wengine chuo chochote, hata cha binafsi. Waliopewa uhuru wa kuchagua ndio waliojiandikisha kwa wingi zaidi.

Kinachomfungia nje mzee wako ni masharti. Akiambiwa alete hati ya kampuni, namba ya kodi na hesabu zilizokaguliwa, basi vocha itaishia kwenye ofisi zilezile zenye viyoyozi. Uganda tunayo njia nyingine: serikali hupima ujuzi kwa vitendo (awali kupitia DIT, idara yake ya mafunzo ya viwandani) na kutoa Worker's PAS, hati ya ujuzi uliopatikana kazini, hata kwa mtu aliyejifunza kazi mtaani. Apimwe hivyo, aandikishwe, afundishe. Mradi wa kukuza ujuzi wa Skills Development Facility, uliosimamiwa na PSFU, chombo cha sekta binafsi Uganda, uliwahi kutenga dirisha la biashara ndogo na jua kali. Ilikuwa ruzuku, si vocha, lakini unaonyesha kwamba mlango unaweza kufunguka.

Mkufunzi mmoja hapa Jinja ameniambia nisaini tu fomu, nisije darasani, tugawane pesa. Kuna ubaya?

Upo, mdogo wangu, na aliyeibiwa wa kwanza ni wewe. Usisaini. Mwambie mwenyekiti wa kikundi chenu au ofisi ya mradi. Nao wenye mradi wasingoje malalamiko: wawapigie simu wanafunzi wachache waliookotwa bila mpangilio na kuuliza walifundishwa nini juzi.

Nauza chapati na rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) Lira. Nikisoma, faida itaongezeka kweli?

Inategemea unasoma nini. Utafiti wa Togo uliochapishwa mwaka 2017, wenye wafanyabiashara wadogo 1,500, ulilinganisha kozi ya kawaida ya hesabu na mipango na ile inayomzoesha mtu kuwa mwanzilishi: kubuni bidhaa, kutafuta wateja kabla hawajamtafuta, kutokata tamaa njia ikifungwa. Hii ya pili ilipandisha faida kwa asilimia 30. Ya kawaida ilipandisha 11, kiasi ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha na bahati. Kwa hiyo, mama, kabla hujatoa vocha yako muulize mwalimu: tukimaliza, kesho asubuhi kibandani kwangu nitafanya nini ambacho leo sifanyi? Akijibu kwa maneno ya jumla, nenda kwa mwingine.

Naongoza kikundi cha akiba Busia. Shirika linataka kutupa vocha. Tuulize nini kabla ya kukubali?

Ulizeni walimu ni wangapi. Akiwa mmoja, hiyo ni semina iliyobadilishwa jina. Ulizeni kama fundi wa mtaani anaweza kuandikishwa, na nani anaamua. Mwalimu analipwa baada ya siku ngapi? Akicheleweshwa miezi, walimu wazuri watajitoa na mtabaki na wale wasio na pa kwenda. Ulizeni mafunzo yanatolewa kwa lugha gani, na kama yanaweza kuwa alasiri, baada ya soko. Mwisho, takeni kujua ni sehemu gani ya fedha inakwenda kwa usimamizi. Mpango wa Kenya ulilemewa na gharama hizo, nanyi mna haki ya kutajiwa kiasi chake kabla ya mwanachama yeyote kutia saini.