Kwa Nini Mama Alivishwa Vifaa Mikono Yote Miwili?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yetu anaishi na dada yangu nchini Marekani. Mwaka jana alipata kiharusi, mkono wake wa kulia ukalegea, lakini kwa mazoezi sasa anaweza kuuinua na kushika kikombe, na kliniki walimpongeza. Hivi karibuni walimvisha vifaa viwili mfano wa saa, kimoja kila mkono, akashinda na kulala navyo. Majibu yanasema mkono mgonjwa unatumika nusu tu ya ule mzima. Je, vifaa vimekosea, au Mama anategea? Na mkono mzima ulipimwa wa nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Inawezekana kabisa kwamba kliniki wamesema kweli na vifaa navyo vimesema kweli, kwa kuwa vimepimwa vitu viwili tofauti. Kliniki hupima uwezo, yaani mgonjwa akiketishwa mezani na kuambiwa ainue kopo, mkono unafika wapi. Vifaa hupima matumizi, yaani akiwa nyumbani bila kuamrishwa na mtu, ni mkono upi unaokwenda kufungua mlango.

Ndani ya kila kifaa mna kihisi kidogo kinachotambua mabadiliko ya mwendo katika pande tatu, mara nyingi kwa kila sekunde. Programu hutenganisha mwendo wa mkono na mvutano wa dunia, kisha huamua kama katika sekunde ile mkono ulisogea au ulitulia. Muda ambao mkono mgonjwa ulisogea hugawanywa kwa muda ambao mkono mzima ulisogea, na hiyo ndiyo sababu ya kupima yote miwili: mtu aliyeshinda kitandani mikono yake yote hutulia, na ungepimwa mmoja peke yake tungedhani umezidiwa.

Katika utafiti wa Catherine Lang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, watu wazima wasio na ulemavu walikuwa na uwiano wa takriban 0.95 kati ya mkono usiotawala na ule unaotawala, yaani ule ambao mtu huupendelea kwa kazi. Wengi hushangaa, kwani tumezoea kuamini kwamba mkono wa kulia ndio unaofanya yote. Hebu mtazame mtu anayemenya kiazi: wa kulia umeshika kisu, lakini wa kushoto ndio unaokigeuza kiazi muda wote. Kwa hiyo 0.5 ya Mama ni ndogo kweli.

Hata hivyo, msimlaumu. Edward Taub, wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, alieleza kwamba katika wiki za mwanzo mgonjwa hujaribu mkono ule, ukashindwa, akazoea kutumia mwingine. Nguvu zinaporudi, mazoea hubaki. Tiba aliyoianzisha huufunga mkono mzima kwa glavu nene kwa sehemu kubwa ya siku, huku mgonjwa akipewa mazoezi mengi ya mkono dhaifu. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2006, lenye wagonjwa 222, lilionyesha kwamba inasaidia, ila huhitaji vidole vyenye uwezo fulani pamoja na usimamizi wa wataalamu, kwa hiyo msimfunge Mama wenyewe, asije akaanguka akakosa mkono wa kujishikia.

Vifaa hivi navyo vina upofu wake. Havijui mkono unafanya nini: kuning'inia na kupepea mtu anapotembea huhesabiwa kuwa matumizi, ilhali kushikilia kikapu kwa utulivu hakuhesabiwi ingawa ni kazi. Dada amuulize mtaalamu wa utengemao (anayesaidia mgonjwa kurudisha uwezo wa viungo) kama siku iliyopimwa ilikuwa ya kawaida, kisha wachague pamoja kazi mbili au tatu za nyumbani, kama kufungua friji au kukunja kanga, ambazo Mama atazifanya kwa mkono wa kulia kila siku, na aombe apimwe tena baada ya wiki kadhaa.