Fundi wa Gitaa Anajibu: Sauti Usiitafute Kwenye Vanishi

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga solo kwenye bendi ya dansi hapa Tanga. Gitaa langu ni nakala ya Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender; vanishi yake nene na inang'aa sana mpaka shingoni. Usiku wa joto kiganja kinanata, siwezi kuteremka haraka kutoka freti ya 12. Mwenzangu wa ridhimu ananishauri nibandue vanishi yote, nipulize laka ya nitro (vanishi ya nitroselulosi) kama Fender za zamani, eti mbao itapumua na sauti itafunguka. Ameshanitafutia fundi wa rangi za magari. Nifanye?
– Mpiga solo, Tanga

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Gitaa usilipeleke. Kinachokukera ni shingo, tena upande wake wa nyuma tu, na dawa yake ni karatasi moja ya msasa.

Toa nyuzi. Bandika ile karatasi ya gundi ya wapaka rangi kwenye kingo za ubao wa freti na pale kichwa kinapoanzia. Futa jasho na mafuta, acha pakauke. Kisha chukua msasa namba 1000, sugua taratibu kufuata urefu wa shingo mpaka mng'ao ufe. Ishia hapo, ukiona mbao umepitiliza, na jasho litapata njia ya kuingia. Stilwaya ya jikoni usiiguse: inachana, na vumbi lake la chuma hung'ang'ania sumaku za pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi. Uso uliofifishwa hauing'ang'anii ngozi yenye jasho, mkono unateleza. Baada ya miezi ya kupiga, mng'ao utarudi wenyewe. Rudia.

Sasa hili la sauti, maana nalisikia kwa vijana wengi na linawatia hasara. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya. Inachosoma ni mtikisiko wa uzi wa chuma. Ungekuwa na gitaa la sanduku ningekujibu vingine, kwa kuwa pale ubao wa juu ndio unaosukuma hewa, na vanishi nene inauzima kweli. Bodi ya gitaa lako wewe ni pande zima la mbao. Tofauti ya poliesta, yaani hiyo vanishi nene uliyo nayo, na nitro juu yake huwezi kuisikia ngoma na besi zikiwa zinapigwa.

Na hiyo mbao inayopumua? Fender walitumia nitro miaka ya 1950 kwa sababu ilikauka upesi na viwanda vya magari vya Marekani vilikuwa vimeizoea. Rangi zao nyingi walizichagua kwenye orodha za rangi za magari za kampuni ya DuPont. Miaka ya 1960 magitaa yao mengi yalipigwa kwanza sila ngumu, yaani rangi ya kuziba mbao, laka ikaja juu yake. Hayo ndiyo watu wanayasaka leo kwa pesa nyingi, na mbao yake imezibwa. Mwishoni mwa muongo huo wakahamia poliesta.

Hofu yangu kubwa ni hali ya hewa yako. Thina inapoyeyuka hupoza uso wa laka, na hewa ikiwa na unyevu maji yananaswa humo, laka inakuwa nyeupe kama maziwa. Masika ya Tanga hayakupi nafasi. Kabla ya hapo utakuwa umeibandua poliesta kwa moto, nayo hutoka na vipande vya mbao. Gitaa zima linaharibika kwa ajili ya kiganja kinachonata!

Pesa ya fundi wa magari nunulia nyuzi mpya, za zamani zimeliwa na hewa ya chumvi. Ukishazifunga, shusha pikapu kidogo upande wa nyuzi nene, kwani sumaku ikiwa karibu mno huuvuta uzi na mlio unakatika mapema. Hapo sauti itafunguka.

SWALI: Gitaa langu la Gibson, lililotoka Marekani, limeanza kunata pale linapogusana na mpira wa stendi. Nilifute kwa kitu gani?
– Msomaji, Zanzibar

JIBU: Hiyo imepigwa nitro, na mpira wa stendi nyingi huilainisha. Thina na spiriti ziweke mbali kabisa, zitaiyeyusha zaidi. Iondoe kwenye stendi leo hii, uitundike au uilaze mahali pakavu bila kitu kugusa sehemu hiyo mpaka ikaze. Stendi yenyewe izungushie kitambaa cha pamba kabla hujairudisha.