Swali la lugha: "Mafuta ya ndege" ni mafuta gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kibirizi, Kigoma. Kijana wangu ameniletea habari iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, inasema: "Ndege ndogo zilizothibitishwa zinaruhusiwa kutumia gesi ya gari badala ya mafuta ya ndege." Ninavyojua mimi, ndege inakunywa kitu kama mafuta ya taa. Sasa gesi itaingiaje humo? Kijana anasema sielewi Kiswahili cha kisasa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, fundi. Kiswahili unakielewa. Aliyeteleza ni mfasiri, tena mara tatu ndani ya sentensi moja.

Gesi kwanza, maana hiyo haina mjadala mrefu. Wamarekani wana jina refu la petroli, "gasoline", ambalo hulikatiza, na kipande kinachobaki kikifika masikioni mwetu kinasikika kama "gesi". Lakini kwetu gesi ni ile ya mtungi wa kupikia, au gesi asilia ambayo baadhi ya magari ya Dar es Salaam yanaitumia siku hizi. "Gesi ya gari" ina maana yake tayari, na siyo hii. Kinachozungumziwa ni petroli, ile ile unayoijaza kwenye kidumu pale sheli.

Kazi iko kwenye "mafuta ya ndege". Neno mafuta tumelibebesha mzigo mkubwa sana. Nilipokuwa mtoto Ujiji nilitumwa dukani na chupa, nikasema naomba mafuta, na mwenye duka hakuigusa chupa kabla ya kuniuliza: ya kula au ya taa? Alikuwa sahihi kabisa. Mafuta peke yake hayamwambii mtu kitu. Kinachosema ni hicho kinachofuata baada ya "ya".

Na hiyo "ya" nayo haina kazi moja. Mafuta ya alizeti, ya karanga, ya nazi: hapo inataja yalikotoka. Mafuta ya kula, ya kujipaka, ya taa: inataja yanakokwenda. Mafuta ya Mama Asha: inamtaja mwenyewe. Mafuta ya kondoo yametoka kwa kondoo, lakini mafuta ya gari hayakukamuliwa kwenye gari, na hakuna mtu anayechanganyikiwa, kwa sababu vitu vyote viwili tumevizoea. "Mafuta ya ndege" hayana bahati hiyo. Kwa sarufi tupu, hata yale yanayoelea juu ya mchuzi wa kuku ni mafuta ya ndege. Tuseme muktadha umetuondolea huyo wa manyoya. Bado zinabaki ndege za aina mbili zenye matumbo tofauti, na hapo ndipo mfasiri alipowapoteza wasomaji wake.

Unachokijua wewe ni kweli kwa aina ya kwanza. Ndege za abiria zenye injini za jeti, pamoja na zile ambazo jeti inazungusha pangaboi, zinatumia mafuta yanayoitwa Jet A-1, ndugu wa karibu wa mafuta ya taa. Hata Cessna Caravan, ambayo kwa macho ni ndege ndogo, iko upande huo. Aina ya pili ni ndege kama Cessna 150 au 172. Hizi zina injini ya pistoni, yenye silinda na plagi, na inataka petroli. Siyo petroli yoyote tu: ni petroli ya ndege, ambayo wenye kazi huiita avigasi. Iliyoenea zaidi ni ile ya daraja la 100LL, yenye okteni 100 (kipimo cha petroli kuhimili mgandamizo bila injini kugonga) na iliyotiwa rangi ya buluu ili ijulikane kwa macho. Ina risasi ndani yake. (Neno hilo nalo lina mtego wake. Risasi ni ile ya bunduki, na pia ni madini. Petroli ya magari yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Anayeandika habari hiyo aseme "madini ya risasi", asimwache msomaji akidhani vita imekwisha.)

Ninalisisitiza hili kwa sababu jina likikosewa uwanjani mtu anaweza kufa. Injini ya pistoni ikitiwa mafuta ya jeti huweza kuwaka vizuri kwa petroli iliyobaki kwenye mirija, ndege ikaondoka, halafu injini ikaanza kugonga na kuzima ikiwa tayari hewani. Ndiyo maana pembeni ya mfuniko wa tangi kuna maandishi yanayotaja daraja la mafuta, na ndiyo maana mdomo wa mpira wa mafuta ya jeti hutengenezwa mpana, usiingie kwenye tundu la ndege ya petroli. Watu wa uwanja wa ndege hawakuridhika na jina. Wameweka rangi, maandishi na umbo la mdomo. Sisi waandishi tuna jina tu, basi tulitaje kamili: petroli ya ndege, au mafuta ya jeti.

Sasa "zilizothibitishwa". Kuthibitisha ni kuondoa shaka: habari imethibitishwa, kifo kimethibitishwa. Ndege iliyothibitishwa ni kama ile ambayo watu walibishana kama ipo, kisha ikaonekana. Habari yenyewe inahusu ndege yenye cheti, yaani mamlaka ya usafiri wa anga imeukagua muundo wake, injini yake na mafuta yake, ikaridhika. Kwa hiyo mwenye ndege hawezi kuamka asubuhi akabadili mafuta kwa sababu sheli iko karibu. Anahitaji cheti cha nyongeza kinachohusu ndege na injini ya aina ile. Kule Marekani, chama cha wapenzi wa ndege kiitwacho Experimental Aircraft Association kilipata cheti kama hicho mwaka 1982 kwa ajili ya Cessna 150. Na kwa kawaida vyeti hivyo vinakataza petroli iliyochanganywa na ethanoli, kwa kuwa inavuta maji na kula mipira ya mfumo wa mafuta. Kuna pia hatari ya petroli ya gari kugeuka mvuke ndani ya mrija kukiwa na joto, mafuta yakashindwa kupita.

Ningeiandika hivi: "Baadhi ya ndege ndogo za injini ya pistoni zenye cheti zinaweza kupata cheti cha nyongeza cha kutumia petroli ya magari badala ya petroli ya ndege." Ni ndefu, lakini kila neno lililoongezwa lina kazi, hasa hilo "baadhi".

Kijana wako naye usimkatishe tamaa, maana ameleta habari ya kweli iliyovaa maneno mabaya. Mfungulie injini ya boti uliyonayo sasa hivi, umwonyeshe plagi, umwambie Cessna 150 nayo inazo.