Panya, presha na pumzi: maswali yenu

Wiki iliyopita niliandika kwamba shina la ubongo, yaani ile sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo, ndilo linaloendesha pumzi na presha, na kwamba mengi tunayoyajua juu yake tumeyapata kwa panya. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyozoea. Najibu nilizoweza.

Shikamoo Mwalimu. Panya na binadamu wapi na wapi? (Mwanafunzi, Iringa)

Marahaba. Panya mweupe wa maabara ana gramu 300 hivi, moyo wake unapiga mara 300 hadi 400 kwa dakika, na anapumua mara 80 hadi 100. Hapo hatufanani hata kidogo. Lakini mpime presha: ya juu inacheza karibu na 120, kama yako ukiwa mzima. Ukilichunguza shina la ubongo wake unakuta mafungu yale yale ya seli, yamepangana vile vile, ila madogo. Na kwa wale waliouliza kama ni panya buku wa Morogoro wanaonusa mabomu: hapana, hao ni jamii nyingine kabisa.

Mtu akibana pumzi kwa hasira anaweza kufa? Na nikilala, nani ananikumbusha kupumua? (Msomaji, Mombasa)

Kwa hasira tu, ukiwa nchi kavu, hufi. Hewa ya ukaa itajaa kwenye damu, na kuna seli kwenye shina la ubongo, karibu na uso wake wa mbele, ambazo kazi yake ni kuionja. Zikishatosheka na ukaidi wako zitakulazimisha uachie. Majini ni habari nyingine. Anayehema harakaharaka kabla ya kuzama anaipunguza hewa hiyo mwilini, kengele inachelewa kulia, na anazimia kabla hajasikia haja ya kuvuta pumzi. Vijana mnaoshindana kuzama, lisikieni hilo.

Sasa nani anakukumbusha. Mwaka 1991 Jeffrey Smith, Jack Feldman na wenzao walichapisha kazi ambayo mimi naiona nzuri kuliko zote katika fani hii. Walichukua shina la ubongo la panya mchanga wa siku chache, wakalikata vipande vyembamba. Kimoja, chenye unene wa nusu milimita hivi, kikawekwa kwenye kisahani cha maji ya chumvichumvi yenye oksijeni, waya ukagusishwa kwenye mzizi wa neva inayokwenda kwenye ulimi, kwa sababu neva hiyo huamka kila mnyama anapovuta pumzi. Hakuna mapafu hapo. Hakuna kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu unaovuta hewa, wala panya mwenyewe hayupo. Lakini mstari kwenye mashine unaruka, unatulia, unaruka tena, tena kwa mpangilio. Kile kipande kilikuwa kinapumua, kwa maana ya kutoa amri ya kupumua, bila kujua kwamba hakuna wa kuipokea.

Fungu hilo la seli linaitwa pre-Bötzinger. Jina halina ukuu wowote: fungu jirani yake, Bötzinger, lilibatizwa na Feldman kwenye mkutano wa wanasayansi Ujerumani mwaka 1978, kwa lebo ya chupa ya mvinyo iliyokuwa mezani. Unalo na wewe, pande zote mbili. Dawa za jamii ya afyuni, kama morfini na heroini, huzizimisha seli hizi pamoja na wenzake, na ndiyo maana aliyezidisha hufa kwa kusahau kupumua.

Kwa nini panya huonja chambo kidogo tu kisha anaondoka? (Mwenye duka la nafaka, Mbeya)

Swali limetoka kando ya mada, ila jibu limo. Panya hawezi kutapika. Shina lake la ubongo halina mpango wa kuunganisha misuli ya tumbo, koo na kifua kwa kazi hiyo. Asiyeweza kurudisha alichomeza hujifunza kuonja kwanza na kusubiri.

Nikiinuka ghafla naona giza kidogo, kisha linapita. Ni presha? (Mama wa watoto watatu, Kisumu)

Ni presha, ila ile ya kushuka kwa muda mfupi. Ukisimama, damu inateremkia miguuni. Kwenye kuta za mishipa mikubwa ya shingo, na pale mshipa mkuu unapotoka moyoni, kuna vihisio vinavyopima jinsi ukuta unavyotanuka. Vikiona umelegea, vinapunguza kelele zao kwa shina la ubongo.

Huko ndani kuna fungu la seli ambalo ni kama dereva wa daladala asiyetoa mguu kwenye mafuta: muda wote linaamuru mishipa ijibane na moyo ukaze mwendo. Kinachomzuia ni breki, fungu la pili lililo nyuma yake kidogo, na breki hiyo hukanyagwa na taarifa kutoka shingoni. Taarifa ikipungua, breki inaachiwa, mishipa inabana, presha inarudi. Giza lako ni zile sekunde za katikati. Kwa panya, watafiti wakimnyamazisha dereva huyo pande zote mbili, presha huporomoka hadi karibu nusu.

Upande wa pili wa jambo hili niliuona kwa macho nikiwa mwanafunzi. Panya yuko kwenye nusukaputi, mrija mwembamba kama uzi wa kushonea viatu umepenyezwa kwenye ateri ya paja, kalamu ya mashine inachora presha kwenye karatasi inayotembea. Msimamizi akadunga fenilefrini kidogo, dawa ya kubana mishipa. Mstari ukapanda. Kabla hatujamaliza kusema “ona,” mapigo yaliyokuwa yamesongamana kama meno ya kitana yakaanza kuachana. Breki ilikuwa imekanyagwa.

Kama giza hilo linakuja kila siku, au umewahi kuanguka, nenda kapimwe.

Kliniki wamenipa methyldopa, inanipa usingizi. Dawa ya presha na usingizi vinahusiana vipi? (Mjamzito, Dodoma)

Hongera, mwanangu. Dawa hiyo haifanyi kazi kubwa kwenye moyo wala figo. Inaingia kwenye ubongo, inageuzwa kuwa kitu kingine huko, na kitu hicho kinampooza yule dereva niliyemtaja hapo juu. Shida ni kwamba inawapooza na majirani wanaokuweka macho. Kwa wengi usingizi hupungua baada ya muda. Usiiache bila kumwambia nesi.

Mume wangu anakoroma na kukata pumzi usiku. Daktari kasema huko ndiko presha inakotoka. Koo na presha wapi na wapi? (Mke mwenye wasiwasi, Tanga)

Daktari wako yuko sahihi. Mwaka 1992 Eugene Fletcher na wenzake, Marekani, waliwaweka panya kwenye vyumba ambamo oksijeni ilishushwa na kurudishwa kila baada ya muda mfupi, saa kadhaa kwa siku, kwa siku 35. Panya wale walipanda presha, na ilibaki juu hata wakipumua hewa ya kawaida. Lakini wale waliokatwa neva za vijifuko vya shingoni vinavyopima oksijeni hawakupanda.

Maana yake njia ni hii: kila mumeo anapokata pumzi, vijifuko hivyo vinapiga ukunga kwa shina la ubongo. Ukunga unawafikia wa pumzi, wakurupuke, na unawafikia wa presha pia, kwa kuwa ni majirani wa ukuta mmoja. Hata siku ya amani wanasikilizana: ukirekodi neva zinazobana mishipa ya panya, utaona zinavuma kwa mdundo wa pumzi. Kwa panya wa ukoo uliotengenezwa Kyoto, Japani, na watafiti Okamoto na Aoki mwaka 1963, ambao hupata presha wakikua bila kulishwa chochote cha ajabu, uvumaji huo ni mkali kupita kawaida, na huonekana wangali wadogo, presha haijapanda. Kwa hiyo mpeleke akapimwe usingizi. Vidonge peke yake vitahangaika.

Panya naye hushusha pumzi, kama mtu mwenye mawazo? (Msomaji, Zanzibar)

Hushusha, na mara nyingi kwa saa kuliko wewe. Vifuko vidogo vya mapafu hunywea vikikaa bila pumzi kubwa, na lile fungu la pre-Bötzinger, kila baada ya muda, huongeza pumzi ya pili juu ya ya kwanza ili kuvifungua. Wewe unafanya hivyo karibu kila dakika 5 bila kujijua. Panya hana ada ya shule ya kulipa, na bado anashusha.