Asiyeweza kumeza hadeki

Swali lenu la juma hili linauliza ni ugonjwa gani ambao watu wanaotuzunguka huuelewa vibaya, na sisi tulioguswa nao tungependa ueleweke vipi. Nachagua ugonjwa wa kushindwa kumeza, na hasa ule unaoitwa akalazia, ambao nimeishi nao hapa Tanga tangu ujana wangu, na ambao kabla sijatibiwa ulipewa kila jina isipokuwa lake.

Mtu mzima wa afya anapomeza, kuta za umio, yaani mrija wa chakula utokao kooni, hujikaza kwa mfuatano na kulisukuma tonge kuelekea tumboni, na misuli inayoufunga umio upande wa chini hulegea ili tonge lipite. Kwa mwenye akalazia, seli za neva zilizomo ndani ya ukuta wa umio hufa, kwa sababu ambayo wataalamu bado hawajaithibitisha, na hapo huharibika mambo mawili kwa pamoja: umio hausukumi tena, wala misuli ile ya chini hailegei. Ni ugonjwa wa nadra, unaogundulika kwa takriban mtu 1 katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Hauambukizi, na huwapata wanawake na wanaume sawasawa.

Kwangu mimi ulikuwa hivi. Nilikuwa nikimeza tonge la bada, yaani ugali wa muhogo, nalihisi limesimama nyuma ya mfupa wa kifua. Nilisimama, nikayavuta mabega nyuma, nikanywa maji ya vuguvugu, nikasubiri. Ama lingeteremka kwa ghafla, ama lingerudi mdomoni kama nilivyolimeza, bila ukali wowote, kwa kuwa halikuwa limefika tumboni. Usiku nilipolala, mabaki ya chakula cha jioni yalipanda na kunipalia, nikaamka nikikohoa na mto umelowa. Mabaki hayo yakiingia mapafuni mara kwa mara, huweza kuleta nimonia.

Huku kwetu watu hula pamoja. Sinia la pilau huwekwa katikati, watu wakalizunguka, na anayeinuka katikati ya mlo humtia simanzi mwenye nyumba, kama si kumuudhi. Wakati wa kufuturu ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu kila mtu ana njaa na kila mtu anakukaribisha: “Kula mwanangu, mbona huli?” Walionipenda waliona nadeka. Wengine walisema naringa, au naogopa chakula cha watu. Nilipokonda hadi nguo zikanipwaya, ilianza minong'ono ya aina nyingine, ambayo msomaji ataijua bila kuandikiwa. Nayataja haya kwa sababu aibu ilinifanya nile peke yangu chumbani kwa muda mrefu, na anayekula peke yake hakuna anayeona kwamba anazidiwa.

Zahanati niliambiwa nina vidonda vya tumbo, nikapewa dawa za kupunguza asidi. Simlaumu sana aliyenipa, maana akalazia huunguza kifua kama kiungulia, na vidonda vya tumbo yeye huviona kila siku. Shangazi yangu naye, kwa huruma yake, aliniandalia kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani, nilinywe kwa ajili ya husda, nalo likakwama vilevile. Jambo hilo ndilo lililokuja kunisaidia, kwani daktari wa hospitali ya mkoa aliponiuliza, “Na maji je, yanapita?” nilimjibu kwamba tangu mwanzo maji na chakula vilinisumbua sawa. Uvimbe unapoziba umio, kwa kawaida chakula kigumu hutangulia kukwama, kisha chakula laini, na maji huja mwisho. Katika akalazia, vyote viwili huweza kukwama tangu awali.

Nilimezeshwa dawa nyeupe ya bariamu huku nikipigwa picha za eksirei. Picha ilionyesha umio uliotanuka, ukachongoka upande wa chini kwa ncha nyembamba ambayo madaktari huifananisha na mdomo wa ndege. Kisha nilipitishiwa mpira wenye kamera, ili kuhakikisha hakuna uvimbe uliojificha pale chini. Kipimo hicho kisipuuzwe na yeyote, kwa kuwa Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako saratani ya umio hutokea kwa wingi.

Tiba iliyopo haizirudishi neva zilizokufa. Kazi yake ni kuilegeza misuli iliyobana. Wapo wanaotanuliwa kwa puto lenye upana wa milimita 30 hadi 40. Mimi nilipelekwa Dar es Salaam kwa rufaa, nikafanyiwa upasuaji wa kuikata misuli hiyo, ambao asili yake ni operesheni ya daktari wa Ujerumani, Ernst Heller, ya mwaka 1913. Tangu mwaka 2008, kwa kazi ya Haruhiro Inoue wa Japani, misuli hiyo huweza pia kukatwa kwa kupitishia vifaa mdomoni, bila kupasua tumbo.

Leo nala wali, nala samaki, nala hata mkate wa kumimina, ila polepole na maji yakiwa karibu, kwa kuwa chakula changu hushuka kwa uzito wake. Sili nikikaribia kulala, na kitanda changu kimeinuliwa upande wa kichwani.

Ninachowaomba walio na mgonjwa wa namna hii nyumbani ni kwamba wamwachie muda wa kula bila kumhimiza, wala wasimtenge na sinia. Na yeye mwenyewe, akienda hospitali, aeleze wazi kama maji nayo yanakwama, kama chakula hurudi kilivyo, na amepungua uzito kiasi gani. Na akiwa ametumia dawa za asidi kama alivyoelekezwa bila kupata nafuu, aombe rufaa ya kipimo cha kamera na picha ya kumeza bariamu.