Mwaka Usikute Chungu Kitupu: Barua kwa Mwanangu Aliye Atlanta

Webuye,
Januari 9

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa haraka nikitafuta habari za afya yako, na mara ya pili polepole kwa ajili ya swali lako. Umenieleza kwamba siku ya mwaka mpya jirani yako, mama Mmarekani mweusi wa umri kama wangu, alikukaribisha mezani akakupakulia kunde zilizopikwa pamoja na wali, mboga za majani zilizochemshwa na nyama ya nguruwe, na mkate wa mahindi, akakusihi usibakize hata punje katika sahani, kwa kuwa hicho ni chakula cha bahati: kunde ni sarafu, mboga ni noti, mkate ni dhahabu. Nawe umeniuliza sisi tulikuwa na chakula gani cha bahati, na kwa nini hukumbuki kukiona.

Kwanza nikueleze ulichokula, maana naona hukukitambua. Kunde hizo zenye jicho jeusi ni zile zile tunazopanda kati ya mistari ya mahindi. Asili yake ni Afrika. Zilivuka bahari katika meli zilizowabeba watu waliouzwa utumwani, na waliofika wakiwa hai wakazipanda huko, Carolina na hata Georgia uliko wewe. Sisi watu wa Magharibi mwa Kenya hupenda zaidi majani yake, likhubi, ilhali wao walishika punje. Mboga uliyokula ni ndugu wa sukuma wiki. Hapo niliiweka barua chini nikawaza, kwa sababu mboga ambayo kwetu jina lake lenyewe ni la mtu ambaye fedha zake hazifiki mwisho wa wiki, kwao ndiyo inayoliwa ili fedha zije.

Na mkate ule wa njano? Mvua ya masika ilipokosekana mwaka wa 1984, serikali iliagiza mahindi kutoka nje, na mengi tuliyoyaona yalikuwa ya njano, kutoka Marekani. Tulipanga foleni tukiwa na gorogoro, mikebe ya kupimia nafaka, mikononi, tukarudi nyumbani tukasonga ugali ambao watoto waliutazama kabla ya kuugusa. Rangi ambayo jirani yako huiita dhahabu, kwa watu wa rika langu ni rangi ya njaa. Simkosoi hata kidogo. Nataka tu ujue kwa nini hukuwahi kuona unga wa njano jikoni mwangu.

Tena siku yenyewe ni nzito kwa watu wake. Zama za utumwa, tarehe 1 Januari ilikuwa siku ya watumwa kukodishwa au kuuzwa ili mabwana walipe madeni, na wengi walitenganishwa na watoto wao siku hiyo hiyo. Ndiyo pia siku ambayo tangazo la Abraham Lincoln la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lilianza kutumika, mwaka wa 1863, baada ya watu kukesha makanisani wakiingoja. Mtu wa ukoo huo akikukalisha mezani pake tarehe hiyo, mwanangu, amekupa heshima kubwa, nawe umshukuru hivyo.

Mataifa mengine nayo yana vyao. Waitaliano hula dengu kwa kuwa zafanana na sarafu, Wahispania humeza zabibu 12, moja kwa kila mlio wa saa ya usiku wa manane, na Wajapani hula tambi ndefu ili maisha nayo yawe marefu. Wachina, katika mwaka wao, huweka mezani samaki mzima, kichwa na mkia, kama anavyoandaliwa ngege kule Kisumu, kwa sababu katika lugha yao neno la samaki hutamkwa sawa na neno la ziada. Na wako wanaombakiza kwa makusudi mpaka kesho yake. Hilo la kubakiza ndilo linalonirudisha nyumbani kwetu.

Wazee wetu hawakuihesabu Januari. Waliuhesabu mwaka kwa mavuno, na mpaka leo Mbukusu aliyezaliwa wakati wa mavuno huitwa Wekesa au Nekesa. Tarehe 1 Januari ilitufikia pamoja na shule na kanisa, na kuku tuliyemchinja siku hiyo alikuwa wa wageni, firigisi ikiwa ya babako. Lakini nyanya yako, kukhu, alikuwa na lake.

Jioni ya tarehe 31 Desemba, kukhu alisonga ugali wa wimbi mwingi kuliko tuliouhitaji. Wote waliposhiba, alilowesha viganja, akachukua donge la ukubwa wa ngumi mbili, akaliviringisha hadi likang'aa, akalirudisha chunguni, akakifunika kwa ungo na kuweka jiwe juu kwa sababu ya paka. Kisha alisema kwa Kibukusu kwamba mwaka usiingie ukakuta chungu kitupu. Asubuhi alilikata vipande, kila mtoto akapewa chake na chai ya maziwa kabla ya kwenda kanisani. Wewe ulikila kiporo hicho mpaka ulipofika miaka sita, na kila mara ulilalamika kwamba ni kigumu. Hukumbuki kwa sababu hakuna aliyekuambia kwamba ni cha bahati. Kilikuwa kiporo tu.

Mimi siamini kwamba donge la ugali laweza kuuamuru mwaka, wala kunde haziongezi mshahara. Lakini kukhu aliwahi kuyaona majira ya Mei na Juni ghala likiwa limebaki vumbi na mahindi ya shambani hayajabeba, na katika nyumba kama hiyo chakula hakilali. Kulaza ugali chunguni usiku kucha, watoto wamejaa nyumbani na pasiwepo hata mmoja wa kuunyemelea, kwake kulikuwa ushahidi kwamba wote wameshiba. Alipofariki niliiacha desturi hiyo. Nilikuwa mwalimu, na niliona haya kuonekana nikifanya mambo ya kizamani. Ni jambo ninalolijutia.

Nimesikia kwamba wali na kunde za jirani yako, ambazo huitwa Hoppin' John, zikibaki na kuliwa kesho yake hupewa jina jipya, Skippin' Jenny, na kiporo hicho huhesabiwa kuwa dalili ya kutumia vizuri na ya mwaka wa neema. Tafadhali muulize kama nyumbani kwao walifanya hivyo, nawe umweleze habari za kukhu. Ukitaka kumpikia ugali wetu, wimbi huko huuzwa katika maduka ya Wahindi kwa jina la ragi. Unga wake hunata, kwa hiyo songa kwa moto mdogo na usiuharakishe.

Chungu nimekiteremsha kutoka darini. Kina ufa mdogo mdomoni, lakini nimekijaribu na bado kinastahimili moto. Ukipata likizo Desemba, njoo kabla ya tarehe 31.

Ni mimi mamako.